Rimu na Tairi za Gari Dogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wenye magari madogo, yaani Vitz, IST, Passo, March, Fit na Demio, wanapotaka kubadilisha rimu. Karibu yote huanza na neno moja: "Inaingia?" Kuingia ni jambo jepesi, rimu nyingi zinaingia. Kabla hujatoa hela nataka ujue kama itakaa sawasawa, kama itabeba familia yako na mizigo yake, na kama itavumilia barabara ya mtaani kwako. Mfano wangu mkuu ni Vitz ya toleo la pili, ile ya 2005 hadi 2010, kwa sababu zimejaa barabarani na vipimo vyake vinakaribiana na vya wenzake wengi.

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zina maana gani?

Chukua 165/70R14 81S. Ile 165 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni asilimia: ubavu wa tairi, kuanzia ukingo wa rimu hadi kwenye kashata (sehemu inayogusa barabara), una urefu wa asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 115.5. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, radiali, na matairi yote ya magari madogo siku hizi ni hayo. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 81 ni namba ya uzito, inakuambia tairi moja linabeba kilo 462. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa.

Wengi wanakwama kwenye ile namba ya katikati. Mtu akiona 185/60 anasema ubavu umekuwa mfupi sana kuliko 165/70. Piga hesabu: asilimia 60 ya 185 ni milimita 111. Tofauti ni milimita nne na nusu tu. Namba ya katikati haina maana mpaka uizidishe na ile inayoitangulia.

Kuna namba ya pili unayotakiwa kuijua, nayo haijaandikwa kwenye tairi: kipenyo kizima. Zidisha ubavu mara mbili (115.5 mara 2 ni 231), kisha ongeza rimu kwa milimita (inchi 14 mara 25.4 ni 355.6). Jumla milimita 586.6. Iandike kwenye simu yako, kwa sababu kila tairi utakalouziwa utalipima kwa namba hiyo.

Tairi zilizopo zilishabadilishwa na mwenye gari wa kwanza. Nitajuaje saizi ya kiwandani?

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ambako mlango unafungia. Kuna kibandiko. Kwa gari lililotoka Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi, kisha kitu kama 220 (2.2). Hiyo 220 ni upepo kwa kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 upate psi ambazo fundi wa pancha anazitumia: 220 ni kama 32, 230 ni kama 33. Kibandiko kikiwa kimebanduka wakati wa kupiga rangi, tafuta gari lenzake la toleo hilohilo na injini hiyohiyo, ufungue mlango wake.

Usichukue saizi kutoka kwenye tairi lililofungwa sasa. Nimeona IST imevaa saizi tatu tofauti kwenye magurudumu manne, na mwenyewe alikuwa akilalamika kuhusu usukani.

Nina Vitz yenye 165/70R14. Nikipanda kwenye rimu 15, nivishe tairi gani?

Hili ndilo swali la msingi, kwa hiyo nitalikalia.

Kanuni inayotumika na wengi ni kwamba kipenyo kipya kisipishane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3. Nje ya hapo spidi inaanza kudanganya vya kutosha, tairi linaanza kugusa plastiki za ndani ya madigadi, na gia zinafanya kazi isiyo yake. Ndani ya kanuni hiyo, kwenye rimu 15 utakutana madukani na saizi tatu.

195/50R15 ina kipenyo cha milimita 576. Ni pungufu ya asilimia 1.8, na gari linashuka kama milimita 5. Inavutia ikiwa imesimama. Ubavu wake ni milimita 97.5.

185/55R15 ina milimita 584.5. Kwa kipenyo ni karibu sawa kabisa na ya kiwandani, na ndiyo ambayo muuzaji atakutajia kwanza. Ubavu ni milimita 101.75, umepoteza karibu 14.

185/60R15 ina milimita 603. Imezidi kwa asilimia 2.8, ambayo ni karibu na mpaka, na kwa sababu hiyo wauzaji wengine wanaikwepa. Mimi hii ndiyo ninayoipendekeza kwa Vitz ya toleo la pili. Ubavu wake ni milimita 111, karibu uleule uliozoea. Gari linainuka milimita 8. Tena si saizi ya kubahatisha: Yaris, ambalo ndilo jina la Vitz hiyohiyo kwenye soko la Ulaya, ilitoka kiwandani na 185/60R15. Waliolichora gari walishaipima kwenye madigadi yale yale.

Kwa toleo la kwanza, la 1999 hadi 2005, hesabu inabadilika. Nyingi zilitoka na 155/80R13, kipenyo milimita 578.2. Huko 185/60R15 inazidi kwa zaidi ya asilimia 4, na hapo 185/55R15 ndiyo yenye akili.

Kwa nini unang'ang'ania ubavu? Tairi lenye ubavu mfupi si ndilo linalokata kona vizuri?

Ndiyo, linajibu usukani haraka zaidi. Kwenye lami safi utalisikia na utalipenda. Lakini gari dogo lina shokapu fupi na springi nyepesi. Gurudumu linapoingia kwenye shimo, kitu cha kwanza kupokea pigo ni ule upepo na mpira ulio kati ya rimu na ukingo wa shimo. Ukiupunguza, pigo linakwenda kwenye rimu, kisha kwenye beringi, kisha kwenye boljointi na raba za amu. Nyie mnaopita kwenye rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana) za barabara kuu kila siku, halafu mnamalizia kwenye barabara ya vumbi yenye mawe hadi nyumbani, mnapaswa kuuthamini ubavu kuliko mtu anayeendesha kwenye barabara za Dubai.

Kuna kijana aliniletea Vitz yenye 205/40R17. Ubavu milimita 82, upana wa kiganja cha mkono na kupungua. Alikuwa ametoka Morogoro usiku na kuingia kwenye shimo upande wa kushoto. Kwa nje rimu zilikuwa zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Nilipozitoa na kuzigeuza, ukingo wa ndani wa rimu ya mbele ulikuwa umebonyea kama mdomo wa sufuria iliyoangushwa, na wa nyuma ulikuwa na ufa mwembamba unaotoa upepo polepole. Rimu hupinda zaidi kwa ndani, upande ambao hauna mikono (spoku) ya kuushikilia, na ndiyo sababu mwenye gari anaweza kukaa wiki nzima akijaza upepo kila asubuhi bila kujua kwa nini.

Kwa hiyo 16 haiwezekani kabisa?

Inawezekana. 195/45R16 ina kipenyo cha milimita 581.9, upungufu wa chini ya asilimia moja, na inakaa vizuri kwenye rimu ya upana wa inchi 6 hadi 7 na nusu. Ubavu ni milimita 87.75. Ukiishi na kufanya kazi kwenye lami, ukawa na nidhamu ya kupima upepo kila wiki, na ukikubali kwamba ukipata pancha ya ubavu huko mkoani huenda usilipate tairi hilo kwenye duka la kwanza wala la pili, basi weka. Angalia tu namba ya uzito. Kwenye saizi hii utakutana na 80, yaani kilo 450 kwa tairi, na ya kiwandani ilikuwa 81. Tafuta lililoandikwa XL, ambalo limeimarishwa na hubeba 84, kilo 500.

17 kwenye Vitz, Passo au March siishauri kwa mtu yeyote anayelipia matengenezo yake mwenyewe.

Sitaki rimu mpya, nataka tu gari liinuke. Tairi gani kwenye rimu 14?

175/70R14 inatoa kipenyo cha milimita 600.6. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 2.4, na gari linapanda milimita 7. Kumbuka kila mara kwamba unachopata ni nusu ya tofauti ya vipenyo, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu kwenye madigadi. 185/70R14 inapandisha milimita 14, lakini kipenyo kinazidi kwa karibu asilimia 5. Ukikata usukani hadi mwisho ukiwa na abiria wanne, utasikia tairi likikwangua plastiki.

Wengine wanaweka spesa juu ya shokapu ili kuinua bodi. Kiasi kidogo kinavumilika, ila fahamu kwamba spesa inainua bodi peke yake: amu ya chini na vitu vyote vilivyofungwa kwenye gurudumu vinabaki palepale. Pia inabadilisha pembe ya ekseli, na vifuko vya raba vya ekseli huchanika mapema zaidi. Ukiweka, nenda kwenye alaimenti siku hiyohiyo. Tairi pekee ndilo linaloinua gari zima, pamoja na zile sehemu za chini kabisa.

PCD ni nini, na yangu ni ipi?

Ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Vitz, Passo, Honda Fit, Demio na March ya toleo la K12 zote ni 4 kwa 100: matundu manne kwenye duara la milimita 100. Ndiyo maana soko la rimu za magari haya ni kubwa. Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2005 ni 5 kwa 114.3, na Polo ni 5 kwa 100, kwa hiyo usifikiri kila gari dogo ni la matundu manne.

Hatari iko kwenye namba zinazokaribiana. Rimu ya Fiat ni 4 kwa 98. Ukiishika kwa mkono huwezi kuona tofauti ya milimita 2, na nati zitaingia zikilazimishwa. Lakini stadi (zile boliti ambazo nati zinafungwa) zinakuwa zimevutwa pembeni, na nati hazikai kwenye viti vyake. Baada ya muda zinalegea, au stadi inakatika. Rimu nyingi zimeandikwa PCD kwa nyuma, kwenye mikono au karibu na katikati. Tafuta 4-100 au 4X100. Kama muuzaji anakwambia "hizi zinaingia zote" na maandishi huyaoni, acha.

Rimu zenye matundu manane, yaani 4 kwa 100 na 4 kwa 114.3 kwa pamoja, hazina ubaya zikiwa zimetoka kiwandani hivyo. Zilizotobolewa mtaani na fundi wa kuchonga chuma usiziguse.

Kitundu cha katikati cha rimu ni kikubwa kuliko habu yangu. Ni tatizo?

Ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko ya usukani kutetemeka baada ya kubadilisha rimu. Habu (kitovu cha gari kinachoingia katikati ya rimu) ya Vitz na ya Demio ina kipenyo cha milimita 54.1, ya Honda Fit 56.1, ya March na Note 60.1 hivi. Rimu za kiwandani zinavaa habu hiyo kwa kubana. Rimu za dukani hutengenezwa na kitundu kikubwa, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili zikae kwenye magari mengi. Hapo rimu inaning'inia kwenye nati, na ikihama hata kwa nusu milimita, ukifika spidi 80 au 90 usukani unaanza kucheza. Utabalansi mara tatu na tatizo halitaisha, kwa sababu mashine ya balansi inaishika rimu kwa katikati yake, tofauti na inavyoshikwa na gari lako.

Dawa ni pete za habu: za plastiki ngumu au aluminiamu, nje zinalingana na rimu na ndani zinalingana na habu. Ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na rimu. Pima kitundu kwa kalipa, pima habu, ununue pete nne.

Ofseti ndiyo sielewi kabisa.

Chora mstari katikati ya upana wa rimu. Uso unaogusa habu uko umbali gani kutoka mstari huo? Umbali huo kwa milimita ndio ofseti, huandikwa ET au namba tu baada ya upana, mfano 15X6J 45. Namba kubwa ina maana uso wa habu uko karibu na nje, na rimu inaingia ndani ya gari. Namba ndogo inasukuma rimu nje.

Tuseme rimu yako ya sasa ni upana wa 5.5 na ofseti 45, na unapewa rimu nzuri ya upana wa 6.5 yenye ofseti 38. Upana umeongezeka inchi moja, milimita 25.4. Nusu yake, 12.7, inakwenda nje na nusu inakwenda ndani. Ofseti imepungua kwa 7, kwa hiyo rimu nzima imehama nje kwa 7. Upande wa nje umesogea milimita 19.7. Upande wa ndani umesogea kuelekea shokapu milimita 5.7 tu. Sasa chukua rula, nenda kwenye gari lako lililosimama, pima nafasi kutoka ubavu wa tairi hadi ukingo wa madigadi. Milimita 19.7 zipo? Zikiwepo, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili upime tena kwa mbele. Kisha muombe mtu akae kwenye buti upime nyuma.

Kwa Vitz na wenzake, ofseti nyingi za kiwandani ziko karibu na 40 hadi 45. Nikipewa nafasi ya kuchagua, sishuki chini ya 38. Rimu inayotoka nje sana inaongeza mzigo kwenye beringi, inarusha matope kwenye milango, na usukani unavutwa kila gurudumu moja likipita kwenye mchanga. Spesa za gurudumu, zile sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu, hufanya kitu kilekile cha kuisogeza nje. Zile nyembamba zinazovaliwa bila kubadilisha stadi zinapunguza mizunguko ya nati. Hizo mimi sizifungi.

Naweza kutumia nati zilezile za zamani?

Hapa watu huokoa hela kidogo na kupoteza gurudumu. Mambo mawili.

Kwanza, uzi. Toyota, Honda na Mazda hutumia milimita 12 kwa 1.5. Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Nati ya Vitz ukiipeleka kwenye March itaingia mzunguko mmoja au miwili na kukwama, na fundi mwenye bunduki ya upepo hatasikia, atabonyeza tu na kuukata uzi. Kila nati ianzwe kwa vidole. Ishike, izungushe mwenyewe. Ikikwama mapema, itoe. Kwa stadi ya milimita 12 nataka nati iingie angalau mizunguko minane kamili kabla ya kubana.

Pili, umbo la sehemu inayogusa rimu. Rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni ya nyuzi 60. Nati za kiwandani za Honda zina mviringo kama mpira, na baadhi ya rimu za aloi za Toyota hutumia nati bapa yenye washa. Nati ya mpira kwenye kiti cha koni inagusa kamstari kembamba tu. Leo itabana, kesho italegea. Ukinunua rimu, nunua na nati zake.

Kaza kwa kupishana, nati inayotazamana na mwenzake, gari likiwa bado limeinuliwa kidogo, kisha malizia likiwa chini kwa spana inayopima nguvu. Toyota kwa stadi hizi inataka nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kukaza. Rimu mpya hukaa vizuri zaidi kwenye habu baada ya kutembea, na nati huachia kidogo.

Rimu za mtumba kutoka Japani: nikague nini?

Zigeuze. Uzuri wa mbele hauna habari unayoihitaji. Kwa nyuma tafuta maandishi: upana, PCD, ofseti, na alama ya JWL, ambayo mtengenezaji wa Japani anaiweka kuthibitisha kwamba rimu inafikia kiwango chao cha aloi. Ukiona na VIA, ina maana ilisajiliwa baada ya kupimwa na chombo huru. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo isikufanye uache kukagua.

Pitisha kidole polepole kuzunguka ukingo wa ndani. Ukihisi bonde, rimu imepinda. Ukihisi sehemu laini kuliko nyingine, au rangi iliyokolea mahali pamoja, huenda imenyooshwa au kuchomelewa. Rimu iliyonyooshwa kidogo kwenye ukingo nitakubali. Iliyochomelewa kwenye mkono au karibu na matundu ya nati sikubali hata kwa bure. Kisha omba iwekwe kwenye mashine ya balansi na izunguke bila tairi, uangalie ukingo wake ukicheza au kutulia. Muuzaji anayekataa jambo hili la dakika mbili amekwisha kujibu.

Na matairi ya mtumba?

Kuna moja linalonisikitisha kila mara. Magari yanayokuja kutoka Japani, hasa yaliyotoka mikoa yenye theluji, huja yamevaa matairi ya majira ya baridi. Ubavuni yameandikwa STUDLESS. Kashata zake zina mistari myembamba mingi kama nyuzi za nywele, na mpira wake ni laini, ukibonyeza kwa kucha unaacha alama. Kashata inaonekana imejaa, mnunuzi anafurahi. Lakini mpira ule umetengenezwa kwa barafu. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa unalainika, gari linayumba kwenye kona, breki za mvua zinakuwa ndefu, na kashata inaisha mbio. Ukinunua gari lililovaa hayo, weka bajeti ya kuyabadilisha mapema.

Kwa tairi lolote, soma namba nne za mwisho za maandishi ya DOT yaliyoko ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi tairi lililopita miaka sita silivishi kwenye gari la familia, hata likiwa na kashata. Angalia pia vipande vidogo vilivyoinuka ndani ya mifereji ya kashata, viko kwenye milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi ni kipara.

Baada ya kubadilisha, gari linakula mafuta zaidi. Ni kweli au nawaza tu?

Linaweza kuwa kweli, na linaweza kuwa hesabu. Tairi pana na rimu nzito zinaongeza kazi kwa injini ya cc 1000, hasa kwenye foleni ya simama-nenda. Lakini kama umeweka 185/60R15, kila kilomita 100 zinazohesabiwa kwenye dashibodi umetembea 102.8. Dashibodi inakupunguzia kilomita, na ukigawanya kwa lita gari linaonekana lafi kuliko lilivyo. Rekebisha hesabu kwanza.

Spidi nayo hivyohivyo: mshale ukiwa 50, unaweza kuwa 51.4. Magari mengi hutoka kiwandani yakionyesha kidogo zaidi ya kasi halisi, kwa hiyo tofauti hiyo mara nyingi inamezwa. Kwenye 185/70R14 iliyozidi karibu asilimia 5 usitegemee kumezwa, na askari mwenye tochi hatapiga hesabu yako.

Naweza kuweka pana nyuma na nyembamba mbele?

Hapana. Vitz inasukumwa na magurudumu ya mbele, na kazi yote nzito iko huko. Manne yawe saizi moja. Yakitofautiana kipenyo, ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) inasoma magurudumu yanayozunguka kwa kasi tofauti na inachanganyikiwa. Ya mbele mawili yakitofautiana kushoto na kulia, difu inafanya kazi hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka.

Upepo uwe kiasi gani kwenye saizi mpya?

Anza na wa kwenye kibandiko, ujaze asubuhi kabla hujatembea. Tairi lenye ubavu mfupi liongezee psi 2 hadi 3. Ukipakia watu watano na magunia kwenda Mbeya mwezi wa Desemba, ongeza pia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa huchemka, na mlima wa Kitonga si mahali pa kujua hilo. Kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, usikijaze.

Naitrojeni? Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ukipewa bure chukua. Fedha yako inunue geji nzuri ya upepo.

Rimu inavuja, fundi anataka kuweka tyubu ndani. Nikubali?

Kwa kufika nyumbani tu. Tyubu ndani ya tairi la tubulesi inasuguana na ubavu na kupata joto, na ikipata pancha upepo unatoka wote kwa mara moja. Rimu inayovuja inyooshwe au ibadilishwe.

Niipe bima habari?

Ndiyo. Iandikie kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha rimu na tairi, utaje saizi, na utunze jibu lao.

Nikiuza rimu za zamani, spea inabaki ya zamani. Kuna shida?

Angalia kwanza kipenyo. Spea ya 165/70R14 pamoja na 185/60R15 inapishana milimita 16, na hiyo ni ya kufikia kijiwe cha pancha, si ya kufikia Arusha. Ifunge nyuma. Kama pancha ni ya mbele, hamisha la nyuma lililo zima lije mbele. Halafu kuna nati. Nati za koni za rimu mpya za aloi zinaweza zisikae sawa kwenye rimu ya chuma ya spea, au zikawa ndefu mno. Nati nne za zamani usiziuze. Zifunge kwenye mfuko, uuweke ndani ya duara la spea pamoja na spana yake, na umwonyeshe pia yule mwingine nyumbani kwako anayeendesha gari hilo mahali zilipo.